Babaluku wa Uganda ni rapa, prodyuza au mwanaharakati?

MtuWaKagera: Wakuu habari zenu. Nina kastudio kadogo huku Bukoba, kompyuta, maiki na spika basi, madogo wa mtaani wanajaa kila jioni wanataka kurekodi na hela hawana. Jamaa kaniambia nimfatilie Babaluku wa Kampala, yule wa kundi la Bataka Squad. Kila nikisoma naona mara rapa, mara prodyuza, mara mtu wa vijana. Mtu anaishije kwa kazi ya hivyo?

kampala_boom: Yote matatu mkuu. Ujana wake kapitia Vancouver, Canada, afu Kampala ya enzi zile kundi la Klear Kut na wenzao wanachana Kiingereza na ndo kilionekana cha kisasa, yeye na rapa mwenzake wa Bataka, Saba Saba, wakakomaa na Kiganda, ndo hiyo rap ya Kiganda inaitwa Lugaflow. 2005 akaanzisha Bavubuka Foundation, hip hop inakuwa chambo cha kuwavuta vijana wapate na stadi zingine. Kuna filamu ya 2007, Diamonds in the Rough, itafute uione Bataka Squad. Rapa GNL Zamba kaja kuvuma na Kiganda baadae, njia ilishafyekwa.

Mzee wa Biti: Hapo kwenye lugha Bongo tulishamaliza mapema, Saleh J kachana Kiswahili kwenye shindano la Yo! Rap Bonanza 1991 😂 Ila mi hizi foundation siziamini sana. Maprodyuza wetu P-Funk na Master Jay walifungua studio kama biashara, na vipaji vikakulia humohumo. Niliwahi kufundisha biti kwenye kituo flani, mfadhili kaondoka tu, mixer ikafungiwa stoo mpaka leo.

dandora_phase4: Sasa mkuu, si lazima uchague moja. Huku Nairobi rapa Juliani ametoka kundi la Ukoo Flani, akauza muziki wake kwanza jina likakua, ndo akarudi mtaani na wenzake kuanzisha kituo cha vijana, Dandora Hip Hop City. Jina ndilo lilifungua milango, mfadhili alikuja nyuma.

MtuWaKagera: Jina sina bado 😅 ila kwaya na matangazo ya maduka wanalipa.

Mzee wa Biti: Basi hao ndo wafadhili wako. Kwaya walipe bei kamili, madogo wape jumamosi bure, na mkubwa wao mfundishe kukaa kwenye mashine ili usife na usingizi. Na andikianeni biti ni ya nani kabla hamjarekodi, hata kwenye daftari, wimbo ukivuma undugu unaisha hapohapo.