Laptopu botini: ramani, GPS na muziki kwenye betri moja ya 12V

OmoNaTezi
Wakuu, habari za leo. Boti ni ya faiba, mita 12, injini ya dizeli ya ndani. Njia zake ni Kilwa Masoko, Songo Songo na Mafia, na mara nyingine wageni wanalala humo humo. Betri ni mbili za 12V: moja ya kuwashia injini, nyingine ya 100Ah ya taa na redio. Nataka laptopu moja ifanye kazi zote. Mchana ikae kwenye usukani na ramani ya bahari, usiku wageni waangalie filamu na muziki upite kwenye amplifaya na spika mbili za gari. Inveta ya wati 1000 ipo, na GPS ya kuchomeka USB ipo.

Programu ipi ya ramani haitegemei bando? Inveta hiyo inafaa? Na kwa nini nikichomeka GPS, mshale wa mausi unaruka ovyo na mafaili yanajifungua yenyewe?

FundiWaya
Nianze na umeme. Inveta iache kwa ajili ya vitu vingine. Unapandisha 12V hadi 220V, halafu chaja ya laptopu inashusha tena hadi 19V au 20V, na kila hatua inakula. Isitoshe, inveta ya ukubwa huo hunywa karibu nusu ampea hadi ampea nzima hata ikiwa haijabeba kitu.

Kama laptopu inachaji kwa USB-C, nunua chaja ya gari ya USB-C PD (Power Delivery) ya wati 65 au zaidi. Kama ni ya pini ya duara, tafuta kibadilishi cha 12V kwenda volti zilizoandikwa chini ya laptopu. Angalia na modeli: Dell nyingi zina waya wa tatu katikati ya pini wa kuitambua chaja, na zisipoitambua zinawaka lakini betri haijai.

Hesabu yako: laptopu ikionyesha ramani hula wati 25 hadi 30. Chukua 30 kwa saa 12, ni 360Wh, yaani 30Ah kwenye 12V. Ongeza upotevu, sema 33Ah. Betri ya asidi ya 100Ah usiitoe zaidi ya nusu, kwa hiyo zinabaki kama 17Ah za taa, redio na muziki. Finyu. Paneli ya sola ya wati 100 kwa jua la pwani hurudisha kama 30Ah kwa siku, ndiyo itakayokuokoa mkilala visiwani bila kuwasha injini.

Waya wa 2.5mm² unatosha kwa mita tano kutoka kwenye betri. Fyuzi ya 10A iwe karibu na betri, siyo kule mwisho kwenye laptopu, kwa sababu fyuzi inaulinda waya. Tundu la kiberiti cha gari likwepe, mtetemo wa dizeli unalilegeza. Na usiunge kwenye betri ya injini, utaamka asubuhi stata haizunguki.

Ukishafunga, washa redio ya VHF chaneli 16, fungua skwelchi (kitufe kinachonyamazisha mvumo), halafu chomeka na chomoa chaja. Mlio ukiongezeka ikiwa imechomekwa, chaja inachafua redio. Isogeze mbali na waya wa antena, funga vipete vya feraiti kwenye waya zake. Isipopona, badilisha chaja. Usiizoee, maana chombo cha mbali kikiita hutakisikia.

Bildi
Mausi kuruka ni ugonjwa wa zamani wa Windows. GPS inamwaga data mfululizo, na Windows ikiwaka inaikuta bandari ya siriali inazungumza, inadhani ni mausi ya kizamani. Chomeka GPS, fungua Device Manager, nenda sehemu ya mausi, utaona "Microsoft Serial BallPoint". Bonyeza kulia, chagua Disable. Usichague Uninstall, itarudi ukiwasha tena. Soma jina vizuri kabla hujabonyeza ili usizime padi yako mwenyewe. Baada ya hapo jizoeze kuchomeka GPS wakati Windows imeshawaka, tena tundu lile lile kila siku, kwa sababu ukibadilisha tundu namba ya COM (jina ambalo Windows huipa bandari ya siriali) nayo inaweza kubadilika na programu ikapoteza GPS. Bandika kipande cha utepe kwenye tundu hilo.

Programu: OpenCPN. Ni ya bure, haihitaji intaneti ikishapakuliwa pamoja na ramani. Kwenye mipangilio, sehemu ya Connections, ongeza ya siriali, chagua COM yako, kasi 4800. GPS nyingine hutumia 9600. Alama ya boti ikibaki ya kijivu, data haijafika: angalia namba ya COM kwanza, kasi baadaye. Zima pia "USB selective suspend" kwenye mipangilio ya umeme, la sivyo GPS itakuwa inalala katikati ya mlango wa miamba. Kufunga kifuniko kuweke "Do nothing". Masasisho ya Windows yasimamishe kabla ya safari.

Faiba haizuii GPS, bati na aluminiamu vinazuia. Waya wa kurefusha USB usizidi mita tano, labda uwe wenye kikuza mawimbi.

Sasa ramani, na hapa ndipo watu wanapopanda mwamba. Doti ya GPS ina usahihi wa mita chache, ramani iliyo chini yake haina. Sehemu kadhaa za pwani yetu vipimo vyake ni vya enzi za kupima kina kwa bildi, yaani risasi na kamba. Kati ya kipimo na kipimo hakuna aliyepima. Ramani ikiwa na mchoro wa vyanzo vya vipimo, usome. Ukiskani ramani ya karatasi, tafuta maandishi ya datamu (mfumo wa kupima mahali uliotumika kuchora ramani). Iliyochorwa kwa Arc 1960 ukiiweka kama WGS84, datamu ya GPS, kila kitu kinasogea zaidi ya mita 200, na huo ni upana wa milango mingi ya miamba.

Kwa visiwa kama vya Songo Songo, weka picha za setilaiti za MBTiles (aina ya faili la ramani) juu ya ramani. OpenCPN inazisoma kuanzia toleo la 5. Miamba na mafungu yanaonekana wazi. Ila picha haina kina, na fungu la mchanga la mwaka juzi huenda limehama. Jua likiwa juu na nyuma yako, mtu mmoja akae omo, mbele ya boti, atazame rangi ya maji. Kioo cha laptopu wakati huo hata hakisomeki vizuri, kiweke kivulini. Usiku bonyeza F5 upate rangi za giza, vinginevyo ukiinua macho huoni kitu mbele.

OmoNaTezi
Asanteni sana, BallPoint nimeikuta na mausi imetulia. Swali la muziki: laptopu ikiwa kwenye chaja, spika zinavuma, na injini ikiongezwa moto mlio nao unapanda. Ikiwa kwenye betri yake, kimya. Halafu usiku nikitia nanga, inawezekana filamu na kengele ya nanga (inayolia boti ikitoka nje ya duara lililowekwa) viende pamoja?

Amari
Huo uvumi ni mzunguko wa hasi. Laptopu na amplifaya zinakula betri moja, na waya wa sauti unaziunganisha hasi kwa njia ya pili, kelele ya altaneta (inayochaji betri injini ikizunguka) inapita humo. Weka kizuizi cha mzunguko wa hasi kwenye ule waya wa 3.5mm, ni kidude kidogo, maduka ya redio za gari wanacho. Au tumia Bluetooth.

Lakini Bluetooth ina mtego wake. Kengele ya OpenCPN inatokea pale sauti ya laptopu inapoelekezwa. Wageni wakimaliza, wakazima amplifaya, nanga ikikokota kengele italia kwenye spika iliyozimwa. Sauti ya OpenCPN ielekeze kwenye spika za ndani za laptopu, kisha ijaribu: weka duara la mita 5, acha boti iyumbe, sikiliza. Kwa maoni yangu filamu zipeleke kwenye tableti ya bei nafuu au fleshi kwenye TV ya 12V. Mtu akifunga OpenCPN ili filamu isikwame, umebaki bila mlinzi.

Ukubwa wa duara uhesabu kwa maji makuu. Ukitia nanga kwenye kina cha mita 4 wakati wa kupwa, bamvua litaongeza mita 3 na nusu hivi, na omo iko mita 1 juu ya maji: jumla 8.5. Mara tano ni kama mita 42 za mnyororo. Ongeza mita 6 kutoka omo hadi ilipo GPS na mita 10 za makosa, duara liwe mita 60. Alama iweke pale nanga ilipogusa chini, yaani ubonyeze wakati inaanguka. Ukiiweka boti ikiwa imeshavutwa nyuma, maji yakigeuka boti itazunguka upande wa pili na kengele italia bure usiku kucha, mwishowe mtaizima.

Spika je, ziko wapi? Zikiwa karibu na dira, sumaku zake zinaipotosha, na laptopu yenyewe ina sumaku kwenye kifuniko. Boti ikiwa imefungwa gatini, soma dira, sogeza spika na laptopu mahali pake, soma tena, halafu washa muziki na usome mara ya tatu. Sindano ikihama hata digrii mbili, hamisha spika angalau mita moja, na waya chanya na hasi zinazopita karibu na dira zisokote pamoja.