Magofu ya Maruhubi na Mtoni: yajengwe upya au yatiwe nguvu tu?

Mkaazi wa Bububu:
Hoja hii kila ikilazwa huamka. Kasri za shamba za Unguja zijengwe tena pamoja na bustani zake, au zibaki magofu? Mimi nasema zijengwe. Mtoni ilikuwa ya Sultani Seyyid Said, na humo ndimo alimozaliwa mwaka 1844 binti yake Salme, aliyekuja kuandika kitabu cha maisha yake. Maruhubi aliijenga mwanawe, Sultani Seyyid Barghash, kati ya 1880 na 1882, ikaungua 1899. Leo mgeni akifika Maruhubi anakuta safu za nguzo, hamamu (nyumba ya kuogea) iliyobomoka na mabirika. Anapiga picha, anaondoka hajui alichokiona. Kidichi inaeleweka kwa dakika tano, kwa sababu hamamu yake ya 1850 bado ina kuba zake.

Fundi Chokaa:
Ndugu, neno "tena" umelitamka kwa wepisi sana. Nguzo za Maruhubi zilibeba roshani na sehemu za mbao, na mbao ndizo zilizoliwa na moto. Huko juu hakuna ukuta uliobaki wa kupimia dirisha wala upana wa ukumbi. Utakachojenga ni nyumba mpya juu ya miguu ya zamani.

Mtoni kuta zipo zaidi, lakini mzigo ni uleule. Nyumba ya sakafu, yaani yenye dari bapa la mawe na chokaa, hufuata urefu wa boriti: boriti ya mkoko huvuka mita 2.5 hadi 3 hivi, ukizidisha hapo inapinda. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Kuta ni mawe ya matumbawe kwa chokaa, unene nusu mita au zaidi, kwa kuwa juu yake hukaa boriti zilizokaribiana, mawe, kisha kokoto na chokaa iliyopigwa kwa magongo siku kadhaa mpaka ishikane. Uzito huo ukiupandisha kwenye ukuta ulionyeshewa miaka mia bila paa, chokaa yake ya ndani imeshaoshwa ikabaki vumbi, ukuta unatoa tumbo, kisha unashuka.

Na jibu la "tutie saruji na nondo" nalijua linakuja. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu vizuri. Maji yanayopanda kutoka ardhini yana chumvi. Yakikosa njia kwenye lipu yanatokea kwenye jiwe lenyewe, chumvi inaganda humo, jiwe linasagika. Lipu hubanduka ikiwa imebeba ngozi ya jiwe. Nondo nayo karibu na bahari hushika kutu, hufura, hupasua zege.

Mkaazi wa Bububu:
Kwa hiyo tukae tuangalie yakiisha?

Fundi Chokaa:
Sikusema hivyo. Ila Beit al-Ajaib, lile kasri la maajabu la 1883, ilikuwa na paa lake, tena iko mjini mbele ya macho ya kila mtu, na sehemu yake ikaanguka Desemba 2020 ikiwa katikati ya matengenezo. Jengo bovu likiguswa vibaya halingoji.

Bibi Shamba:
Mnagombana juu ya nyumba, na bustani mmeipita. Ukisema bustani ya kasri, watu hufikiria mikarafuu mbele na nyasi za hoteli chini. Mkarafuu unataka kinongo, ule udongo mwekundu wenye kina wa matuta ya Kizimbani na Kidichi, usiotuamisha maji. Maruhubi ni pwani, mchanga na upepo wa chumvi. Mkipanda mikarafuu pale mtaizika kabla haijafikisha miaka sita au zaidi inayohitaji ili izae. Panapo minazi na miembe, panatosha. Mkomamanga unavumilia chumvi kidogo. Mchungwa na mlimau hapana, labda upande wa bara, nyuma ya ukuta unaozuia upepo. Mwembe usikaribie gofu; mita 10 ni haba, si nyingi.

Halafu hizi hazikuwa bustani za kutazamwa kwa mbali. Kwanza maji, kisha kivuli, kisha harufu. Asumini na mrihani vikae karibu na baraza na mlango wa hamamu, mahali mtu anapopita baada ya kutawadha au kuoga. Salme mwenyewe katika kitabu chake anaueleza ua wa Mtoni kuwa na tausi, swala na mbuni wakizurura, na safu ya mabafu mwisho wake. Ua wa udongo ulioshindiliwa, basi. Nyasi za kukatwa kwa mashine zinakunywa maji mengi na zinaweka unyevu kwenye msingi wa kuta, jambo ambalo Fundi hapo juu ndilo analolilia.

Eka Tatu:
Maalim mmesema kweli ya mawe na miti, lakini nani aliyabeba hayo mawe? Soko la watumwa lilifungwa 1873, utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hadi 1897. Maruhubi ilijengwa katikati ya miaka hiyo. Mkirudisha marumaru na mayungiyungi, na yadi ya watumishi msiirudishe, mtakuwa mmejenga pambo. Pili, baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yalitaifishwa na watu wakagawiwa eka tatu tatu. "Kurudisha bustani" huko Kidichi kunaweza kumaanisha kumtoa mtu penye mihogo yake. Nataka nijibiwe hilo kabla ya kuba.

Mkaazi wa Bububu:
La ardhi nakubali, na kwa Kidichi nafuta nilichotaka kusema. Pwani hata hivyo eneo ni la serikali. La watumwa sioni linapingana na kujenga: jenga, kisha uandike ukweli mlangoni.

Eka Tatu:
Kibao cha mlangoni hakishindi jengo linalong'aa.

Fundi Chokaa:
Basi niseme linalowezekana bila kuamua ugomvi huo. Kwanza miti ya jamii ya mtini na mimea mingine iliyoota juu ya kuta: isivutwe. Mzizi uliopenya ukivutwa unakuja na mawe. Kata shina, lipake dawa ya kuua kisiki, mzizi uache ufie humo, tundu zijazwe chokaa baadaye. Pili, kichwa cha ukuta kifunikwe kwa mawe madogo na chokaa iliyowekwa mteremko ili mvua isisimame. Chokaa iliyomwagiwa maji ikae shimoni miezi mitatu au zaidi, ichanganywe fungu 1 kwa mchanga 3 uliooshwa, maana mchanga wa ufukweni una chumvi. Unene wa sentimita 1 kwa mkupuo, kisha funika kwa magunia mabichi wiki nzima. Kazi ifanywe kipupwe, Juni hadi Septemba. Jua la kaskazi hukausha haraka ikapasuka, masika huiosha kabla haijashika.

Bibi Shamba:
Na mabirika ya Maruhubi? Yakijazwa, mbu.

Fundi Chokaa:
Perege wachache hula viluwiluwi, hilo dogo. Kubwa ni uvujaji: birika likivuja, maji yanaingia chini ya nguzo. Lipu yake ichanganywe unga wa matofali yaliyochomwa, ndiyo huifanya chokaa ishike hata kwenye maji, na lijaribiwe kwa wiki mbili likiwa na alama ya kina.

Eka Tatu:
Na anayesoma hiyo alama kila asubuhi, mshahara wake uko kwenye fungu gani? Fedha za kuzindua hupatikana. Za mlinzi wa birika mwaka wa tatu sijaona mtu akizitaja humu.