Napanda Kilimanjaro Desemba, je mazoezi ya ngazi za Dar yanatosha?

Kidoti_Temeke: Wakuu habari za saa hizi. Mimi na wenzangu wa kazini tunapanda Kilimanjaro njia ya Marangu, tunataka tarehe 9 Desemba itukute kileleni, maana tangu shule ya msingi nasimuliwa Luteni Nyirenda alivyopandisha mwenge na bendera ya uhuru kule mwaka 1961 na mimi nataka nisimame hapohapo. Sasa huku Temeke mlima tulionao ni ngazi tu. Nakaa ghorofa ya nne, maji yakikatika ndo mazoezi yenyewe, ndoo ya lita 20 kichwani napanda nashuka mara tano, juzi jirani wa chini kafungua mlango kaniambia mwanangu kama una msiba si useme tuje tukusaidie.

Halafu kuna bibi. Kasikia nalipa hela kupanda, kauliza huko juu kuna ndugu yetu? Hakuna. Kuna shamba? Hakuna. Ukifika unafanya nini? Nikamwambia napiga picha nashuka. Kanyamaza weee, kisha kanifungashia kitenge na chupa ya mafuta ya nazi ya kujichua. Nampenda sana huyu mama. Nisaidieni, ngazi zinatosha? Na baridi ikoje?

Mgumu_wa_Marangu: Karibu sana dada. Mi ni mgumu, nabeba mizigo njia hiyohiyo. Ngazi ni nzuri kwa miguu ila mapafu yanataka muda, hapo hakuna ujanja. Kambi ya Mandara ni mita 2,720, ya Horombo 3,720, ya Kibo ni 4,700 na kitu, kilele chenyewe Uhuru 5,895. Wanaopata shida mara nyingi sio wanene wala wazee, ni wenye mbio, siku ya kwanza wanatupita msituni na spika inalia, siku ya tatu nawakuta wamekaa juu ya jiwe hata salamu haitoki. Kwahiyo ombeni siku moja zaidi pale Horombo, muende kwenye miamba ya Zebra Rocks mrudi kulala, mwili uzoee. Usiku wa kileleni mnaanza kama saa sita, chupa ya maji igeuze mdomo chini sababu barafu inaanza kushika juu. Kichwa kikiuma mwambie mwongozaji palepale usifiche, kikizidi ni kushuka tu, mlima upo hauhami. Na mizigo jamani, sheria ni kilo 20 kwa mgumu mmoja, pakieni kwa huruma.

MamaWawili: Mimi nilipanda nina miaka 51. Koti na glavu nilichukua mitumba pale soko la Memorial Moshi, usinunue vipya. Ninachokikumbuka kuliko hata kilele ni jioni ya Horombo, bisi za moto na chai ya tangawizi, vidole vimekufa ganzi nashika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto, mawingu yako CHINI yetu, nikalia. Toka Kibo kwenda Gilman's, ukingoni mwa kreta, ni kokoto tupu, hatua moja mbele nusu unarudi, nikawa nahesabu hamsini napumzika, hamsini napumzika. Mpaka leo nikikwama foleni ya Mbagala watu wanapiga honi mimi nahesabu hamsini zangu na moyo unatulia kabisa.

Wa_Nanyuki: Kwetu Mlima Kenya ni vile vile, nilifika Point Lenana, 4,985, nikiwa nyuma ya kila mtu na nikafika na kila mtu. Mos mos, polepole tu dada. Na hiyo kitenge ya nyanya yako usiiache, funga shingoni, upepo wa alfajiri hauna adabu.

Kidoti_Temeke: Asanteni mno jamani, siku ya Horombo nishawaambia wenzangu tunaongeza. Bibi nimemsomea majibu yote, aliposikia maji yanaganda kwenye chupa kanyanyuka kimya kimya kaenda kufungua sanduku, karudi na blanketi la marehemu babu, zito hilo. Nimepima mzani wa dukani, kilo nne na nusu. Mgumu kaka, nitalibeba mwenyewe.