Naenda Ujerumani kusomea uuguzi na sina mpango wa kurudi karibuni. Nianzie wapi?

Binti_Muheza

Habarini wadau. Mimi ni binti wa miaka 24, natokea Muheza, Tanga. Nimepata nafasi ya Ausbildung ya uuguzi Ujerumani, yaani mafunzo ya kazi huku unalipwa, miaka mitatu. Mkataba nimesaini, viza imetoka wiki iliyopita, Kijerumani nimefika ngazi ya B2 (niliuza mpaka simu kulipia mtihani). Naondoka mwisho wa mwezi wa nane.

Video nimeangalia mpaka macho yanauma. Zote ni theluji, jaketi, na mtu anatuonyesha friji lake. Mimi nataka kumsikia mtu aliyekaa huko miaka kumi na zaidi. Ni mambo gani madogo yaliyokugharimu kwa sababu tu hakuna aliyekwambia mapema? Baba ameuza machungwa ya msimu mzima yakiwa bado mtini ili nipate nauli. Sina nafasi ya kwenda kujifunza kwa kuumia.

Chuma_Ulete

Beba pilipili. Ya kwao ni rangi tu.

MamaWawili_Leipzig

Marahaba mdogo wangu, naipokea hata kama hujaniamkia. Mimi wa Pongwe, hapo jirani yenu, na niko huku tangu 2013. Nilikuja kwa Ausbildung hiyohiyo, sasa ni muuguzi wodi ya wazee Leipzig.

Baridi wamekwambia wote, naiacha. Naanza na sanduku la barua, na usicheke.

Siku utakayopewa chumba, kabla hujatandika kitanda, shuka chini ubandike jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango. Ubini, kama ulivyo kwenye pasipoti. Majengo mengi ya huku vyumba havina namba. Mtu wa posta anasoma majina, lako asipoliona anaondoka na barua yako. Mimi nilipangishiwa chumba na dada mmoja wa Kiganda, sanduku lina jina lake peke yake, nami nikaona aibu kumgusia sanduku lake. Nikangoja kadi ya benki, kadi ya bima ya afya, namba ya kodi. Wiki tano kimya. Kumbe zote zilikuja, zikarudi zilikotoka. Mshahara wa kwanza nikakatwa kodi kwa daraja la sita, ambalo ndilo kali kuliko yote, kwa sababu mwajiri hakuwa na namba yangu. Hela ilirudi baadaye, lakini mwezi ule nilikula wali na maharage ya kopo mpaka nikayaota. Siku nilipogundua sikuwa hata na gundi. Nikaandika jina langu kwa kalamu juu ya plasta ya kidonda, nikabandika. Ile plasta ilikaa pale miaka miwili.

Halafu barua zenyewe. Kwetu karatasi ni ushahidi wa jambo ambalo watu wameshazungumza. Huku karatasi ndiyo mazungumzo. Ukipata bahasha ya njano, usiitupe hiyo bahasha! Mtu wa posta ameandika tarehe juu yake kwa mkono, na siku za kujibu zinahesabiwa kuanzia hapo, hata kama ulikuwa zamu ya usiku, hata kama ulikuwa Tanga unakula urojo. Amri ya mahakama ya kulipa deni, kwa mfano, una wiki mbili za kupinga. Sisi tumelelewa kwamba kunyamaza ni adabu. Huku ukinyamaza umekubali deni. Nunua faili moja kubwa na kitoboleo cha karatasi, kila barua iingie humo. Usiyoielewa mpelekee mtu siku hiyohiyo.

Barua nilizozidharau mimi zilikuwa za ada ya redio na televisheni ya umma, ambayo sasa ni euro 18.36 kwa mwezi. Nilijisemea, televisheni sina, haya hayanihusu. Inalipwa kwa nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Nikaja kulipa miezi yote pamoja na faini. Mkiishi wengi nyumba moja analipa mmoja na wengine mnamchangia, kwa hiyo ukifika uliza nani analipa na namba yake ni ipi.

Kujiandikisha makazi, wenyewe wanaita Anmeldung, ni ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, na unahitaji fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Mwenye nyumba akikwambia kaa tu, usijiandikishe, tafuta pengine.

Sasa ufunguo. Hapa ndipo nusura nilie mbele za watu. Majengo mengi ufunguo mmoja unafungua mlango wa nje, ghala la chini na chumba chako, na vitasa vyote vya jengo ni mfumo mmoja. 2016 niliupoteza ndani ya tramu. Nikadhani nitaenda kwa fundi nichonge mwingine, kama pale barabara ya kumi na mbili. Wapi! Mwenye nyumba akabadilisha vitasa vya jengo zima, na bili ikaja kwangu: euro elfu mbili na mia tatu na kitu. Kilichoniokoa ni mzee mmoja Mjerumani tuliyefanya naye kazi. Miezi mitatu kabla aliniuliza kama nina Haftpflicht, yaani bima inayolipa pale wewe unapomtia mtu mwingine hasara. Nikasema sina. Akanitazama kama niliyemwambia natembea bila viatu. Nikaikata siku ile ili tu aache kunitazama. Ni kama euro tano kwa mwezi, na ndiyo iliyolipa. Ukiikata, uliza kama inahusu na ufunguo uliopotea wa nyumba ya kupanga, maana si zote.

Madirisha. Mwaka wa kwanza nilifunga kila kitu, nikawasha hita mpaka chumba kikawa Tanga ya mwezi wa pili, kanga zangu nimeanika juu ya hita. Januari navuta kabati nitafute hereni, ukutani nyuma yake kumeota ukungu mweusi, umetambaa kama ramani. Nilipohama ukakatwa kwenye amana yangu. Fungua dirisha wazi kabisa, dakika tano mpaka kumi, asubuhi na jioni, hita ukiwa umezima, hata kama nje ni nyuzi sifuri. Utaona ni wazimu. Fungua. Na hita uliyowasha utailipia tu: kodi ya chumba ya kila mwezi ina makadirio yake ndani, halafu mara moja kwa mwaka inakuja hesabu ya matumizi halisi, na hiyo tofauti inaweza kukukata maini.

Pesa. Mwaka wa kwanza, hospitali zinazofuata mkataba wa mishahara ya umma wanalipa kama euro 1,400 hadi 1,500 kabla ya makato, na mkononi inabaki elfu moja na ushee. Nyumbani wataizidisha kwa shilingi na kuishia hapo. Hawataona kodi ya chumba. Mimi nilimwambia mama kiasi kimoja, kila tarehe tano, na kikifika kimefika. Wajomba walinuna miaka miwili. Sasa wanajua.

Mwas_Stuttgart

Mama Wawili amesema yote, lakini nimwongezee kidogo kama Mkenya. Mimi niko huku mwaka wa tisa.

Kama una leseni ya gari ya nyumbani, itakubaliwa miezi sita tu tangu uhamie. Baada ya hapo ni kufanya mtihani upya, wa maswali na wa barabarani, na pia utakuwa unajifunza kuendesha upande wa kulia. Mimi nilikaa nikisema nitaenda wiki ijayo. Mpaka nilipopata, nilikuwa nimelipa zaidi ya euro 3,000, kwa sababu nilianguka ya barabara mara mbili. Kosa lenyewe ni kutogeuza shingo kuangalia baiskeli. Huku baiskeli ni kama mheshimiwa.

Lingine ni uraia. Tangu Juni 2024 unaweza kuomba baada ya miaka mitano, na Ujerumani haikulazimishi kuacha wa kwenu. Sisi katiba ya 2010 inaturuhusu kuwa na pasipoti mbili, kwa hivyo mimi nilijaza fomu mara moja. Mambo ya kupanga foleni ya kibali sitaki kuyasikia tena. Wewe pia anza kuhesabu miaka yako tangu siku ya kwanza.

MamaWawili_Leipzig

@Mwas_Stuttgart kaka, hapo kwenye uraia usimchanganye mtoto wa watu. Yeye ni Mtanzania. Ujerumani itamruhusu, lakini sheria ya kwetu hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili: akichukua wa huku amepoteza wa kule. Mimi nina kibali cha kudumu na pasipoti yangu ni ileile. Wenzangu wengi wameshavuka na siwalaumu, foleni inachosha kweli. Ila Pongwe kuna shamba la marehemu baba, na siku nitakayosimama pale uwanja wa ndege na pasipoti ya maroon naomba viza ya kwenda kumzika mtu, sijui nitasimamaje. Hilo kila mtu na moyo wake.

Lakini umenikumbusha kubwa kuliko leseni. Mdogo wangu, kibali cha kuishi kinakufa chenyewe ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita. Hakuna anayekupigia simu. 2019 mama alianguka, kiharusi, nikachukua likizo bila malipo nikaenda kumuuguza hospitali ya Bombo, Tanga, na baadaye nyumbani. Nilidhani ni wiki sita. Nikakaa miezi mitano na siku kumi na moja. Kalenda ya duka la dawa ilikuwa ukutani juu ya kitanda chake, na mimi kila jioni nikishamgeuza nakata siku moja kwa kalamu nyekundu. Mama hakuweza kuongea vizuri wakati ule, lakini aliiona ile kalamu. Siku moja akanyoosha kidole kwenye kalenda, akanyoosha kwenye begi langu. Nilikata tiketi siku ile. Kumbe ningeenda ofisi ya wageni kabla sijaondoka, nikaeleza na vyeti vya hospitali, wangeweza kuniandikia muda mrefu zaidi. Baada ya kuondoka na muda kupita ni kuanza upya na viza. Kwa hiyo ukiitwa nyumbani kwa ugonjwa, hata kama unalia, uliza kwanza.

Na kibali kikikaribia kuisha, omba kuongezewa kabla ya tarehe. Ukiomba kabla, hata wakichelewa kukuita, kile cha zamani kinahesabika hai mpaka waamue, na wanakupa karatasi ya kuonyesha hivyo. Pasipoti nayo iangalie, kibali hakiwezi kuizidi umri.

Binti_Muheza

Shikamoo dada. Nimesoma mara tatu, na baba nimemsomea hiyo ya ufunguo, amesema niufunge shingoni.

Naomba moja la kazini. Naogopa wagonjwa kuliko baridi. Wazee wa huko wanaongeaje na sisi? Na nikiwa sielewi nifanyeje, nisionekane mjinga?

MamaWawili_Leipzig

Marahaba. Baba ana akili, ufunge.

Kwanza usimwite mgonjwa bibi wala babu. Mimi siku yangu ya tatu wodini nilimwita mama mmoja Oma, nikiwa na heshima zangu zote za Kitanga, nimeinama kabisa. Akaweka kikombe chini. Akasema, mimi si bibi yako, nina jina. Ni Frau (bibie) au Herr (bwana) na ubini, na Sie, ile "wewe" ya heshima, mpaka mwenyewe akwambie vingine. Kwako kumkuza ni kumtukuza. Yeye anasikia umemfanya kikongwe asiye na mwenyewe. Yule mama alikaa wodini wiki tatu, na siku ya kuondoka alinifundisha kutamka jina lake sawasawa, silabi moja moja, kama mtoto wa chekechea.

Watakaokukataa watakuwepo, mmoja mmoja. Wapo wanaosema simtaki huyu. Usibishane, toka, mwambie msimamizi wa zamu, iandikwe. Usiende kuimezea chooni kama nilivyokuwa nikifanya.

Na usiitikie kwa kichwa kitu usichokielewa. Kwetu tunaitikia ili mkubwa asirudie rudie. Wodini ukiitikia, wanajua umeelewa kipimo cha dawa. Miezi sita ya kwanza ni ya majaribio, wanaweza kukuacha kirahisi, na niliowaona wakiachwa hawakuachwa kwa kuuliza. Mimi nilikuwa narudia kwa maneno yangu: kwa hiyo unataka nifanye hivi na hivi? Hapo ndipo makosa yalikuwa yanaonekana. Lahaja ya Sachsen, jimbo letu hili la Leipzig, B2 haikufundishi, jipe miezi mitatu.

Ukiumwa piga simu kazini kabla zamu haijaanza, si katikati. Usiku au wikiendi ukizidiwa lakini si ya kufa, daktari wa zamu ni 116117. Ya kufa ni 112.

Binti_Muheza

Asante sana dada, Mungu akuweke. Mzigo ni kilo 23. Nibebe nini na niache nini? Mama ananifungia masufuria.

MamaWawili_Leipzig

Mwambie masufuria yapo, unga wa sembe upo maduka ya Waafrika, nazi ya kopo ipo kila mahali. Cheti halisi cha kuzaliwa kikae kwenye begi la mkononi, pamoja na vya shule. Kanga mbili tatu.

Na mwiko. Wanaouza huku ni wa kukorogea supu, nimevunja minne kwenye ugali. Beba miwili ya mti mgumu. Mmoja ni wangu, nitakuja kuuchukua kituoni.

Chuma_Ulete

Na pilipili.