Mrejesho: umri wa kuchinja makinda ya njiwa
Habari zenu wakuu. Niliuliza kinda la njiwa lichinjwe likiwa na umri gani, mkanijibu wiki nne hivi, kabla halijaanza kuruka. Ni kweli kabisa, asanteni sana! Nyama laini, inaiva upesi. Tumeiunga kwa nazi na watoto wakaomba tena. Likisharuka, kifua kinakaza.

Ila anayetaka kitoweo mara kwa mara aongeze jozi. Jike hutaga mayai mawili tu, na huatamia kwa zamu na dume siku 17 au 18. Chakula ni mtama na mahindi ya kupaza. Wakubwa niliowanunua juzi bado nimewafungia bandani, maana wakifunguliwa mapema hurudi walikotoka.