Niko Tanga, nimeanza kufuatilia Ligi Kuu: nichague timu gani?

MgeniJukwaani
Habari zenu wakuu. Ligi Kuu Bara nimeanza kuifuatilia msimu huu, na nataka timu moja ya kuishabikia kwa moyo wote, si ya kuiacha ikifungwa mechi tatu. Niko Tanga mjini. Kisimbuzi cha Azam ninacho, na Dar naweza kwenda mara mbili au tatu kwa msimu. Nyumbani wamegawanyika Simba na Yanga, kila mmoja ananivuta kwake. Kazini wanasema Coastal Union, kwa kuwa ndiyo ya hapa. Niangalie nini kabla sijaamua?

Mgosi_wa_Mkwakwani
Anza na uwanja, mkuu. Ligi ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30, kwa hiyo 15 ni za nyumbani. Runinga inakuonyesha mpira ulipo, basi. Ukiwa jukwaani Mkwakwani, uwanja wa Coastal hapa Tanga, unaona beki wa kulia anasimama wapi mpira ukiwa kushoto, kiungo gani anaacha kukaba dakika ya 70, kocha anamwita nani pembeni. Ukizoea kuyaona hayo, timu inakuingia hata ikiwa nafasi ya kumi.

Ratiba iangalie wiki ileile ya mechi. Oktoba 2024 Coastal iliikaribisha Yanga Sheikh Amri Abeid, Arusha. Klabu za mikoani huhamisha mechi za nyumbani, aidha uwanja haujakidhi vigezo au zinafuata mapato ya mlangoni, na mechi zinazohama ni mara nyingi zile kubwa ulizokuwa unazisubiri.

Pia ujue unachokichagua. Wagosi wa Kaya, yaani Coastal, walichukua ubingwa 1988 na hawajaurudia. Msimu mzuri kwao ni kama ule wa 2023/24: walimaliza wa nne, wakapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika, wakatolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola. Na wakimkuza kijana akaiva, anaondoka. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal akaenda Yanga 2020. Shabiki wa Coastal anajifunza kupenda kikosi kinachojengwa upya kila mara.

Damu_ya_Msimbazi
Kwa heshima zote kwa Mgosi, mtu mpya anahitaji mechi nyingi zenye uzito. Kuanzia 2017/18 Simba ilichukua ubingwa mara nne mfululizo, kisha Yanga nayo mara nne, hadi 2024/25. Kabla ya hapo, timu ya mwisho nje ya hizi mbili kuutwaa ilikuwa Azam FC, 2013/14, tena bila kupoteza mechi.

Halafu kuna Afrika. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 ikakosa kombe mbele ya USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini, na Simba ikafika 2025 ikafungwa na RS Berkane. Hatua ya makundi peke yake ni mechi sita, tatu za nyumbani. Ukijumlisha ligi, raundi za awali na kombe la shirikisho la ndani, unazidi mechi 40 kwa msimu. Mimi ni mwekundu wa Simba, lakini hata ukienda Jangwani kwa Yanga hesabu ni hiyohiyo.

Daftari_la_Kocha
Wote mko sahihi, ila kuna makosa mawili yanayowaangusha mashabiki wapya na hayajatajwa.

La kwanza ni kuchagua timu kwa ajili ya mchezaji. Clatous Chama aliimbwa Msimbazi kwa Simba miaka mingi; 2024 akavaa kijani na njano ya Yanga. Fiston Mayele aliwasha Yanga, 2023 akaenda Pyramids ya Misri. Subiri dirisha dogo la usajili lipite, ndipo uone kama bado unaitaka timu ileile.

La pili ni kutouliza klabu ni ya nani. Ihefu ilikuwa ya Mbarali, Mbeya; 2024 ikawa Singida Black Stars. Kitayosce ya Kilimanjaro iligeuka Tabora United. Shabiki wa Mbarali aliamka hana timu, na hakuna aliyemwomba ridhaa. Simba, Yanga na Coastal zina mizizi ya wanachama, jina na makao haviondoki kirahisi hivyo. Prisons ni ya Magereza, KMC ni ya Manispaa ya Kinondoni, Azam ni ya kampuni: unaweza kuzipenda sana, lakini kura huna.

Sasa jipime. Kwa kila timu unayoifikiria tazama mechi tatu nzima: moja nyumbani dhidi ya timu ya katikati ya msimamo, moja ugenini, na moja ambayo inatangulia kufungwa. Hiyo ya tatu ndiyo inayosema ukweli. Angalia kama wanaendelea kujenga mashambulizi kwa utulivu au wanapiga mipira mirefu kwa hofu, na kama mabeki wanapanda au wanabaki nyuma wakilaumiana. Kisha jiulize: timu hii ikifungwa hivi tena wiki ijayo, nitataka kuiona? Usitumie muhtasari wa mabao kwenye simu, maana humo kila timu inaonekana nzuri.

MgeniJukwaani
Asanteni sana, nimeelewa. Je, nikiwa na Coastal kama timu ya nyumbani na moja ya Kariakoo (Simba au Yanga) kwa ajili ya Afrika, ni vibaya?

Daftari_la_Kocha
Si vibaya, mikoani wengi wako hivyo. Lakini zitakutana mara mbili kila msimu kwenye ligi. Amua leo, kabla ya ratiba: Coastal ikicheza na Yanga au Simba, ukipiga kelele bao likiingia wavu upi? Hiyo ndiyo timu yako, nyingine ni ya kuitakia heri.

Mgosi_wa_Mkwakwani
Na ukienda kwa Mkapa, uwanja wa Dar, N-Card yako (kadi ya kielektroniki ya kukatia tiketi) iwe na salio na tiketi iwe imeshakatwa kabla hujapanda basi Tanga. Kila mtu na kadi yake. Wanaokwama nje ni wale wanaokuja kuhangaikia kadi getini siku ya dabi ya Simba na Yanga. Jukwaa la Mzunguko ndiyo bei ya chini na ndiko kwenye ngoma na nyimbo. Ukitaka kusoma mfumo wa timu kwa utulivu, ongeza hela ukae jukwaa la VIP C. Jezi nunua kwenye duka la klabu au wakala aliyetangazwa na klabu, maana ile ya barabarani haiingizi hata shilingi kwenye timu unayoipenda.