Nimechoka na hii "kashata bado zipo"! Tairi za karavani zinakufa kwa umri jamani

Wakuu, naandika nikiwa na hasira kwa hiyo nikirukaruka mtanivumilia. Kama kuna sentensi sitaki kuisikia tena maishani mwangu ni hii: "tairi nzima hii, si unaona kashata zote zipo" (kashata ni ile michongo ya tairi inayogusa lami). Aliyeniuzia karavani (trela la kulala safarini, linavutwa na gari) kaniambia hivyo, fundi tairi kaniambia hivyo, na mimi kwa ujinga wangu nikajiambia hivyo hivyo, matokeo yake nimekaa pembeni ya barabara kuu masaa manne, sakafu ya karavani imetoboka, madigadi limeng'oka na waya za taa za nyuma zinaning'inia kama utumbo.

Karavani yenyewe ya kawaida tu, ekseli mbili, tairi nne chini na spea moja nyuma imevalishwa kava. Nimenunua kwa mtu mwaka 2024, alikuwa anaitoa mara moja moja kwa mwaka, na hilo alilitaja kama sifa kabisa, "haijatembea hii". Nikachekelea. Siku hizi nikisikia trela halijatembea ndo naogopa, nitawaambia kwa nini.

Siku ya kukagua tairi zilikuwa nyeusi tii, zinang'aa. Nikapitisha kiganja ubavuni kikatoka na utelezi wa mafuta. Hapo ndo nilitakiwa kushtuka, manake nani anapaka polishi tairi za trela lililoegeshwa mwaka mzima kama hafichi kitu? Nikafuta sehemu ndogo na kitambaa, nikaona vinyufa vyembamba kama nywele vimejipanga kuzunguka karibu na rimu, utadhani tope lililokauka. Nikauliza. Jamaa akacheka, eti hizo za jua, za juu juu tu.

Sikumuamini, nikaipeleka kwa fundi. Na huyu ndo ananiuma kuliko muuzaji, manake huyu nilimlipa. Alichuchumaa kwenye tairi moja tu, akakwaruza ufa kwa ukucha, "ukucha hauzami", akasimama, akaipiga teke ya pili, akasema kashata zipo jaza upepo utembee. Dakika mbili! Hakuchungulia ubavu wa ndani, hakuuliza trela limekaa muda gani, tarehe ya kutengenezwa hakuangalia kabisa. Teke. Hicho ndo kipimo nilichokilipia.

Saa ya pili ya safari, jua linawaka, niko kama kilomita 110 kwa saa (nakiri, na hilo nitalizungumzia huko chini), nikaanza kuhisi mtetemo kwenye kiti. Mdogo tu. Nikasema hii barabara mbovu. Dakika tano baadaye ukaja mlio, na sio ule wa "pwaa" wa tairi kupasuka, ni pa-pa-pa-pa-pa kama mtu anachapa bati na mkanda. Nikaona kwenye kioo kitu cheusi kinarushwa juu. Nashuka, kashata lote limebanduka kama soli ya kiatu, waya zimechomoza, na tairi YENYEWE BADO INA UPEPO. Mbavu zimesimama vizuri tu! Kile kipande kilichobanduka kilikuwa kinachapa sakafu kila tairi ikizunguka mpaka kikatoboa.

Nikalala chali chini ya trela na tochi ya simu natafuta tarehe. Upande wa nje kumeandikwa DOT (mwanzo wa ile namba ya tairi inayoishia na tarehe) na herufi chache basi, namba haimaliziki. Tarehe ilikuwa ubavu wa ndani, ule unaotazama chini ya trela ambako hakuna mtu anachungulia. Nikatemea mate kidole nikasugua vumbi: 3115. Yaani wiki ya 31 ya mwaka 2015. Nikatambaa kwa nyingine, 3115. Nyingine, 3115. Ya nne hivyo hivyo. Nikaenda kuvua kava la spea ambayo haijawahi kugusa lami, nyeusi, vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado vipo: 3115. Wazee, nilikuwa naburuza miaka tisa barabarani nikijua naburuza tairi mpya mpya.

Sasa sikilizeni hapa manake ndo sababu ya mimi kufungua huu uzi. Iliyobanduka SIO ile yenye nyufa mbaya. Zenye nyufa nyingi zilikuwa za upande uliokuwa unapigwa jua pale zilipoegeshwa. Iliyoniangusha ilikuwa ya upande wa kivuli, ubavu wake ungeuona ungesema ina miaka miwili. Kwa hiyo yule fundi na ukucha wake hata angekagua zote nne kwa mtindo ule, angeipitisha hiyo hiyo kwanza na kunipongeza.

Nyufa za ubavuni ni ngozi. Zinaletwa na ozoni ya hewani na mionzi ya jua, mpira unakauka unachanika juu. Kwenye mpira kiwandani wanachanganya nta na dawa za kuzuia ozoni, na hizo zinapanda juu kidogo kidogo tairi inapokunjika ikitembea. Gari linalotembea kila siku linajipaka lenyewe. Karavani inakaa miezi kumi imesimama, hakuna kukunjika, nta haipandi, ngozi inapasuka. Ndo maana "haijatembea" sio sifa! Alafu mtu anachukua polishi yenye mafuta ya petroli anapaka juu, ile inakomba hata kilichobaki cha kinga. Inang'aa leo, kesho imechanika zaidi.

Ila kinachobandua kashata kiko ndani. Upepo uliomo unasukuma oksijeni polepole kupita kwenye mpira hadi kwenye mikanda ya waya, joto linaongeza kasi, ule mpira unaoshika mkanda wa waya na mwenzake unakuwa mgumu na kushika hakushiki tena. Hicho hukioni na ukucha. Wala na tochi. Kitu pekee unachoweza kuona ni tarehe, na tarehe wanaificha kwa ndani, sijui ni makusudi au ni uvivu tu wa kugeuza tairi wakati wa kufunga.

Kwa hiyo kanuni yangu sa hivi ni ya upande mmoja: nyufa zinaweza kunikataza kusafiri, lakini kukosekana kwa nyufa hakunipi ruhusa ya kusafiri. Watu wanazitumia kinyume kabisa.

Najua mtaniuliza basi ufa upi ni wa kutupa tairi. Vile vya unywele ambavyo havifiki hata milimita moja kwenda chini, kwenye tairi changa, wengi wanaishi navyo na wanavifuatilia. Ukishakaribia milimita moja na nusu au ukaanza kuona nyuzi za ndani hapo hakuna mjadala, hata kama ni ya mwaka juzi. Kingine angalia uko wapi. Mi naogopa zaidi ule ulio kwenye bega, pale ubavu unapokutana na kashata, na ule ulio chini kwenye mifereji ya kashata zenyewe, kuliko vile vya mapambo vinavyozunguka maandishi. Na usikague tairi ikiwa imekaa tu, sogeza trela nusu mzunguko ukague tena, manake sehemu iliyolala chini inatuna pembeni na nyufa zake zinafunguka ukaziona vizuri, ukigeuza na ile ya juu nayo inakuja chini. Nimeshaona ufa uliokuwa umefumba kabisa ukafunguka kama mdomo baada ya kusogeza trela tu.

Alafu pitisha mkono juu ya kashata zote kuzunguka, taratibu, macho ufumbe kama unataka. Ukikuta kanundu, au sehemu imeliwa tofauti na jirani yake, mkanda umeanza kuachia hapo. Uvimbe ubavuni maana yake nyuzi zimekatika, usiende nayo hata dukani.

Kuna ndugu zangu wa "kiwandani wamesema miaka 10". Ndio, Michelin na Continental wanasema tairi isipite miaka 10 toka itengenezwe hata kama inaonekana nzima. Hicho ni kikomo, sio ahadi! Na hao hao Michelin wanataka ikaguliwe na mtaalamu kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi. Mtaalamu, sio teke. Alafu hayo ni ya tairi kwa ujumla, ya karavani inaishi maisha mabaya kuliko: inabeba mzigo karibu na mwisho wa uwezo wake muda wote, inakaa juani, na kwenye ekseli mbili ukikata kona kali inaburuzwa kwa ubavu hadi unaona rimu imehama mahali pake. Watu wa karavani wengi ninaowajua wanabadilisha kati ya miaka 3 na 5. Nilikuwa nawaita waoga.

Na makosa yangu sasa, nisije nikaonekana namlaumu fundi tu. Tairi zangu ni ST, zile herufi mbili mwanzoni mwa saizi, yaani za trela. ST isiyo na herufi ya mwendo (ile inayoonyesha kasi ya mwisho ya tairi) kihistoria ni ya maili 65 kwa saa, kama kilomita 105. Mimi nilikuwa 110 tena kwenye jua. Pili sikuwahi kupima uzito wa karavani ikiwa imejaa maji na vitu vyote. Na upepo je? Hizi zangu ni daraja E la kubeba mzigo, PSI 80 (PSI ni kipimo cha upepo) tairi ikiwa ya baridi, na kwa ST unajaza mpaka ile namba iliyoandikwa ubavuni, sio unakisia. Niliiacha 60 nikidhani ikiwa laini kidogo itatembea vizuri. Kumbe tairi laini inakunjika zaidi, inapata joto zaidi, na joto ndo linamalizia kazi ya ile miaka tisa. Kwa hiyo nilishirikiana nao kuiua, sawa. Lakini miaka tisa jamani!

NYONGEZA: Nimeona mnajibu. Anayesema natishia watu ili wanunue tairi, mimi siuzi tairi, nauza hasira tu leo. Anayesema yeye ana tairi za miaka 12 na hazijawahi kumsumbua, na mimi nilikuwa na za miaka tisa ambazo hazijawahi kunisumbua hadi saa ya pili ya safari.

Aliyeuliza kama mpya ukizinunua ndo umemaliza: hapana. Nimeenda kufunga mpya, nikamwambia fundi (mwingine, sio yule) nataka kusoma tarehe kabla hujazipandisha kwenye rimu. Kanikunjia uso kama nimemtukana. Mbili zilikuwa za mwaka huu, mbili zina karibu miaka mitatu zimekaa stoo zikisubiri mjinga. Nimezikataa, kaleta nyingine ananung'unika. Nikamwambia pia tarehe zikae upande wa nje nizione, akasema hakuna mteja amewahi kumuomba hivyo. Alafu akataka kuacha valvu za zamani za mpira, zina umri ule ule wa 3115, na zile za kawaida za kusokomeza mwisho wake ni PSI 65 wakati mimi naweka 80. Nimeweka za chuma. Kama ningekuwa nimekaa kwenye benchi nakunywa soda yangu, ningeondoka na tairi za stoo zenye valvu za miaka tisa na risiti ya tairi mpya.

Spea nayo nimeibadilisha, aliyeniambia naharibu hela kwa tairi ambayo haijaguswa arudi juu asome.

Na zile za zamani nilizoacha pale nimezitoboa ubavuni mwenyewe kwa bisibisi kabla sijaondoka, zote, manake kuna jamaa alikuwa anaizungukazunguka ile spea, anaibonyeza bonyeza, nikamsikia anamwambia mwenzake mbona hii kashata zote zipo.